Tiketi ya ndege ya bei poa: hesabu yako ianzie Kaplong

UMEKETI ndani ya matatu kwenye steji ya Kaplong, unasubiri ijae. Bando lako bado lina uhai. Unapekua simu, tangazo linajitokeza: Nairobi hadi Mombasa kwa ndege, bei kuanzia Sh3,500. Unalisoma mara mbili. Kondakta akikuitisha nauli unamjibu bila kumtazama, kwa sababu akilini tayari uko juu ya mawingu.

Ngoja kwanza. Kabla hujafungua M-Pesa, lisome tena tangazo hilo na usimame kwenye neno moja dogo: 'kuanzia'.

Mashirika ya ndege za bei nafuu hayauzi viti vyote kwa bei moja. Viti vichache huuzwa kwa ile bei ya tangazo. Vikiisha, bei inapanda ngazi moja, halafu nyingine, na siku ya safari ikikaribia ndipo inapanda kweli kweli. Mnaweza kuketi bega kwa bega, mmoja amelipa 3,500 na mwenzake 9,000, na nyote wawili msipewe hata maji ya bure. Huo si wizi. Ni biashara, na kwa kiasi fulani ndiyo inayofanya kile kiti cha 3,500 kiwepo.

Tena niseme mapema kwamba sina ugomvi na ndege za bei ya chini. Wewe huenda ulikuwa mdogo, lakini kuna wakati ambapo mtu wa kawaida akisema anapanda ndege, mtaa mzima ulijua. Jamaa walikodi matatu wakamsindikize hadi Embakasi. Ndege ilikuwa ya waheshimiwa, watalii na wale waliopata masomo ng'ambo. Jambojet ilipoanza safari zake Aprili 2014, ikiwa kampuni tanzu ya Kenya Airways, na kutangaza nauli za kuanzia Sh2,850, mambo yalibadilika. Tanzania walikuwa wameonja mapema kidogo. Fastjet iliingia Dar es Salaam Novemba 2012 na kuwauzia watu wa Mwanza na Kilimanjaro viti vya kuanzia Sh32,000 za huko, na watu ambao maisha yao yote walijua basi tu wakaruka kwa mara ya kwanza. Hilo ni jambo zuri. Mtu wa Mwanza aliyezoea kukaa ndani ya basi kutwa nzima hahitaji mhadhara kuhusu faida za ndege.

Shida yangu ni mahali hesabu inapoanzia. Bei ya tangazo huhesabiwa kutoka mlango wa uwanja wa ndege mmoja hadi mlango wa uwanja mwingine. Wewe hukai mlangoni pa JKIA. Unatoka hapa, ambapo barabara ya Kericho, ile ya Sotik na Kisii, na ile ya Bomet na Narok zinakutana. Uwanja mkubwa wa karibu ni wa Kisumu, zaidi ya kilomita 100. Kericho kuna uwanja mdogo wa Kerenga katikati ya majani chai, lakini tiketi hizi za matangazo hazitoki hapo. Ukitaka kwenda Pwani kwa ndege ya bei poa, njia ya kawaida ni kuteremka Nairobi kwanza, zaidi ya kilomita 200 kupitia Bomet, Narok na Mai Mahiu.

Mimi niliifanya safari hiyo, na nilijiwekea sharti la kuandika kila shilingi.

Kiti cha 3,500 hakikuwepo siku niliyoitaka. Kilichokuwepo, kodi na ada zikiwemo, kilikuwa cha Sh5,600. Ndani ya hizo kuna ada ya huduma ya abiria, Sh600 kwa kila safari ya ndani ya nchi, ambayo hailipwi kwa shirika bali hukusanywa kwa niaba ya serikali. Ada hiyo haijali kama tiketi yako ni ya bei ya chini au ya juu, kwa hivyo anayenunua ya chini ndiye inayemuuma zaidi. Begi la kupakiwa chini ya ndege, Sh1,200. Matatu ya Kaplong hadi Nairobi, Sh1,200. Ndege yenyewe ilikuwa ya saa kumi na mbili u nusu asubuhi, maana viti vya bei ya chini mara nyingi huwa kwenye saa ambazo watu hawazitaki, kwa hivyo nililala Nairobi: Sh1,500, chumba chenye taa moja na kelele za bure. Teksi ya kwenda uwanjani saa kumi alfajiri, Sh900. Tuktuk kutoka uwanja wa Moi hadi mjini Mombasa, Sh500.

Jumla Sh10,900. Ile 3,500 ya tangazo haifiki hata thuluthi yake.

Sasa sikiliza sehemu iliyonikera kabisa. Treni ya Madaraka Express, daraja la kawaida, ni Sh1,500 tangu nauli zilipopandishwa Januari 2024. Kuna treni inayotoka Syokimau saa nne usiku. Siku ile niliingia Nairobi jioni. Ningeipanda, ningefika Miritini kabla ya jua kuchomoza, wakati ambapo mimi wa ndege nilikuwa bado navua mshipi na viatu kwenye ukaguzi wa JKIA. Kwa matatu, treni na nauli ndogo ndogo za kuunganisha, safari nzima ingekuwa kama Sh3,100. Yaani kwa mtu wa Kaplong anayesafiri kwa ratiba ile, 'haraka' ya ndege ilikuwa ya saa moja hewani tu. Ardhini nilikuwa nyuma ya treni.

Kwa mtu wa South B hesabu ni tofauti. Anaamka, anaita teksi, saa mbili asubuhi anakunywa chai Mombasa. Bei ya tangazo iliandikwa ikimfikiria yeye. Wewe na yeye mnaona tangazo lile lile kwenye simu, lakini bidhaa mnayouziwa si moja.

Pale kaunta niliona mengine. Mbele yangu kulikuwa na dada mmoja aliyevaa jaketi tatu. Nairobi alfajiri ni baridi, lakini si baridi ya jaketi tatu. Alikuwa anapunguza uzito wa begi. Mkoba wa kuingia nao ndani kwa kawaida mwisho wake ni kilo saba, na ukizidi unalipa pale pale, kwa bei ya kaunta ambayo huwa juu kuliko ile ya mtandaoni. Nyuma yake mama mmoja wa rika la mamangu alikuwa amembebea mwanawe wa Mombasa mursik ndani ya kibuyu, pamoja na majani chai ya nyumbani na unga wa wimbi. Mizani ikasema kilo kumi na moja. Kijana wa kaunta hakuwa na adabu mbaya, tuseme ukweli. Alimwambia, "Pole mama, mzigo umezidi, hapa lazima ulipe kidogo." Hicho kidogo kilikuwa zaidi ya thamani ya vitu vyote vilivyokuwa ndani. Mama akasimama kando, akafungua mfuko, akaanza kuchagua kati ya unga na chai. Kibuyu hakukigusa.

Tiketi yake alinunuliwa na mwanawe. Masharti ya uzito yalikuwa kwenye barua pepe ya mwanawe, kwa Kiingereza, chini kabisa, baada ya picha ya watu wanaocheka ufuoni. Nani alitarajia huyo mama ayasome?

Hayo bado ni mambo ya pesa. Kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloweza kukuharibia zaidi ya mfuko.

Saa tisa usiku, nikiwa kwenye chumba changu cha 1,500, simu ililia. Ujumbe: safari yako imesogezwa hadi saa sita mchana, tunaomba radhi kwa usumbufu. Sitalitaja shirika. Wengine hawakuuona ujumbe wakaja uwanjani, akiwemo kijana mmoja kutoka Kapkatet niliyemkuta kwenye kiti cha chuma karibu na kaunta, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Alikuwa na usaili saa nne asubuhi katika hoteli moja ya Pwani. Nauli alipewa na mamake kutoka kwa bonasi ya chai. Na si unajua bonasi za upande wetu huu wa Bonde la Ufa zinavyokuwa miaka hii, ukilinganisha na za kina Kirinyaga.

Aliambiwa achague: apande ya saa sita, au ajaze fomu arudishiwe pesa za tiketi baada ya siku kadhaa. Alipanda ya saa sita. Alipofika hotelini usaili ulikuwa umekwisha.

Angekubali kurudishiwa pesa, angerudishiwa za tiketi peke yake. Matatu ya kutoka Kapkatet, chumba cha kulala, teksi ya alfajiri, vyote vingebaki juu yake. Hapo tena unaona hesabu ileile ya mlango kwa mlango. Ndege ikichelewa, mtu wa South B anapoteza asubuhi. Mtu wa Kapkatet anapoteza siku mbili na pesa ambazo hakuna fomu inayoziuliza.

Kwa nini ndege hizi husogezwa? Sababu nyingine zinaeleweka: ukungu, radi, hitilafu ambayo hata wewe ungetaka ishughulikiwe kabla ya kuruka. Lakini nyingine imo ndani ya mtindo wenyewe. Southwest Airlines, iliyoanza safari Texas mwaka wa 1971, ndiyo iliyowafunza wengine kwamba ndege ikiwa chini haileti pesa. Tumia aina moja ya ndege ili marubani na mafundi wasihitaji mafunzo ya aina kumi, shusha abiria, pakia wengine, ruka tena haraka iwezekanavyo. Ndege moja inaweza kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku. Hivyo ndivyo kiti kinavyoshuka bei. Lakini pia hivyo ndivyo ndege ikikwama Kisumu asubuhi, abiria wa Mombasa, wa Malindi na wa Eldoret wote wanapokea ujumbe wa kuombwa radhi. Shirika kubwa linaweza kuwa na ndege ya akiba. La bei nafuu huwa na ndege chache, na kila moja ina kazi.

Fastjet inatufundisha upande wa pili wa shilingi. Kampuni hiyo ya Tanzania iliyopendwa na wengi ilisimamisha safari Desemba 2018, msimu ambao watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Bei ya chini inataka ndege zijae na gharama zibanwe kila siku, bila kupumzika. Ikishindikana, mwenye tiketi ya kesho ndiye anayejua wa mwisho. Kwa hivyo usinisikie nikidai mashirika yauze kwa hasara. Nadai mambo mawili tu, na yote mawili yanawezekana.

La kwanza ni bei. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya 2008 inataka bei inayoonyeshwa kwa mteja iwe ile ya mwisho, ikijumuisha kodi na ada zote zisizoepukika. Marekani ilianza kulazimisha jambo hilo mwaka wa 2012. Na usiseme hayo ni ya Wazungu. Hapa kwetu, mwaka wa 2016, Mamlaka ya Ushindani (CAK) iliziagiza benki na kampuni za simu zimwonyeshe mteja gharama ya kutuma pesa kwenye simu. Kampuni hazikufa. Leo ukituma pesa unajua umekatwa ngapi, hata kama unanung'unika. Kama mtu anayetuma Sh200 kwa shangazi yake ana haki ya kujua ada yake, anayelipa elfu kadhaa za ndege ana haki zaidi. Skrini ya kwanza ionyeshe kiti, kodi, na bei ya begi la kawaida, kwa Kiswahili na Kiingereza. Neno 'kuanzia' liandamane na idadi ya viti vilivyopo kwa bei hiyo. Viti vitatu ni vitatu, tuambiwe ni vitatu.

Katiba yenyewe iko upande wako. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu anachonunua, haki ya maslahi yake ya kiuchumi kulindwa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa au huduma. Sioni mahali kilipoandika kwamba habari hizo zifichwe chini ya picha ya ufuo.

La pili ni kuchelewa. Ulaya wana kanuni ya 2004 inayosema kwamba abiria akikwama hupewa chakula na, ikibidi, mahali pa kulala, na safari ikifutwa dakika za mwisho bila sababu kubwa iliyo nje ya uwezo wa shirika, hulipwa fidia ya kati ya yuro 250 na 600 kulingana na umbali. Siombi yuro 600 kwa tiketi ya 3,500. Hilo lingeua biashara na tungerudi kwenye zama za kukodi matatu ya kusindikizana. Lakini shirika likisogeza safari kwa saa tano na zaidi kwa sababu zake lenyewe, na kutuma taarifa saa tisa usiku, basi liwe na wajibu wa kumweka abiria kwenye ndege ya mapema zaidi inayopatikana, hata kama ni ya shirika lingine, au limrudishie pesa zake siku hiyo hiyo kwa M-Pesa. Walipokea kwa sekunde tatu. Kurudisha kunachukuaje wiki? Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA) ndiyo inayotoa leseni, na ndiyo yenye nguvu ya kuandika sharti kama hilo likaheshimiwa.

Najua kuna atakayesema: ukitaka huduma ya kifalme lipa bei ya kifalme. Hapana. Kiti kinachobana magoti nimekikubali. Kukosa maji nimekubali, nitanunua. Kupanda ngazi kwa mvua nimekubali pia. Hayo ndiyo niliyoyauza ili nipate bei ya chini. Sikuuza haki ya kujua nalipa ngapi, na yule kijana wa Kapkatet hakuuza saa nne yake.

Wakati tunasubiri wakubwa waamke, fanya hivi. Usinunue tiketi kwenye skrini ya kwanza. Ifuate hadi ukurasa wa kulipa, halafu ndipo uilinganishe na treni na basi. Pima begi nyumbani. Mizani ya kupimia majani chai ipo kila kituo cha kununulia, na karani wa hapo hatakunyima dakika moja. Ukizidisha uzito, lipia mtandaoni kabla ya siku ya safari. Weka nambari ya simu ya yule anayesafiri, si ya aliyenunua, ili ujumbe wa saa tisa usiku umfikie anayehusika. Kama una usaili, mtihani au kesi mahakamani, safiri siku iliyotangulia hata kama tiketi ya siku hiyo ni ghali kwa elfu moja. Ikiwa unamtumia mzazi tiketi, mpigie simu umsomee masharti kwa lugha yake, hasa ya kilo.

Na wakikusogezea safari, piga picha ya ujumbe kabla haujapotea, tunza risiti ya chumba na ya teksi, kisha andika malalamiko kwa shirika na nakala kwa KCAA. Usiandike kwenye X peke yake, ambako utapata vicheko mia mbili na shilingi sifuri. Kijana wa Kapkatet ameandika barua yake, nilimsaidia kupanga tarehe na kuambatanisha risiti. Ameomba Sh3,600 za matatu, chumba na teksi. Amesubiri jibu wiki ya tatu sasa.